Seva ya mgodi nayo iwe na mlango wa pili

Ndugu mfanyakazi, siku ile uliposhuka chini ya ardhi mara ya kwanza, kapita alikuonyesha kitu gani kabla hujashika chombo? Alikuonyesha njia ya kutokea. Halafu akakupeleka mbali kidogo, akakuonyesha na njia ya pili. Si kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Ni kwamba siku ya ajali, njia tuliyoizoea mara nyingi ndiyo inayozibwa.

Desturi hii ililipwa kwa roho za watu. Tarehe 16 Januari 1862, kule New Hartley, kaskazini ya Uingereza, mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa na shimo moja tu. Watu walishukia humo, hewa ilipitia humo, maji yalipandishwa humo. Mtambo wa kuvuta maji ulikuwa na mhimili mkubwa wa chuma. Ukavunjika, na kipande chenye uzito wa zaidi ya tani 20 kikaanguka shimoni. Watu 204 walikufa, wanaume na vijana wadogo, wengi wao si kwa kupondwa bali kwa hewa mbaya, huku wenzao wakifukua juu siku baada ya siku. Mwaka ule ule Uingereza ilitoa sheria: mgodi usiwe tena na njia moja tu ya kutokea.

Leo ukurasa wetu hauzungumzi juu ya miamba wala juu ya baruti. Unazungumza juu ya seva. Seva ni kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema, lakini haikai mezani mwa mtu mmoja. Inatumikia watu wengi, usiku na mchana, katika chumba chenye baridi ambacho wengi wetu hatujakiingia. Na maoni yetu ni haya: kampani inapochagua vifaa vya kuongozea seva kutoka mbali, inachagua vifaa vya usalama, sawa na kofia na viatu. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe bei, wala uzuri wa picha kwenye skrini. Liwe hili: kifaa hiki kina njia yake peke yake, au kinapita katika shimo lile lile linaloweza kuzibwa?

Utajibu: mimi ni mtu wa kutoboa mwamba, seva yanihusu nini?

Yakuhusu sana. Katika migodi mingi ya leo, unapochukua taa yako mwanzoni mwa posti, jina lako linaingia katika seva. Usipopanda mwisho wa posti, ndiyo inayosema kwamba mtu mmoja bado yuko chini. Vipimo vya hewa mbaya, mashine za kupuliza hewa na pompi za maji, vyote hupeleka habari zao huko ili mtu wa chumba cha uongozi azione. Ninyi wa Kipushi hamhitaji kufundishwa pompi ni nini. Mgodi ule ulikuwa umefungwa tangu 1993, na mwaka 2011, pompi ziliposhindwa, maji yalipanda mpaka kiasi cha mita 850 chini ya uso wa ardhi. Haukutoa madini tena mpaka mwaka 2024. Na kule Kibali, katika Haut-Uele, magari ya kuchota mawe chini ya ardhi huongozwa na mtu aliyekaa juu, mbali na vumbi na mbali na mwamba unaoweza kuanguka. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini kati ya mkono wa mtu huyo na gari lile kuna kompyuta.

Tusitishane bure. Seva ikiganda, kwa kawaida pompi haziachi kuzunguka, maana zina vidhibiti vyao wenyewe karibu nazo. Lakini chumba cha uongozi kinakuwa kipofu.

Sasa fikiri ni saa nane ya usiku, mwezi wa Januari, mvua inanyesha. Skrini zimeganda. Shefu wa posti anapiga telefoni nyumbani kwa fundi wa kompyuta. Anaamka fundi, anaamka mke wake, anaamka na mtoto. Fundi anavaa koti, anapanda pikipiki, anaingia katika barabara ile ile ya kamyo za shaba na za asidi, ambazo usiku nyingine zinasimama kando bila taa hata moja. Anafika amelowa. Anaingia katika chumba cha seva, anabonyeza kitufe kimoja kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, anaachia, anabonyeza tena, anangoja. Seva inaamka. Kazi ya dakika chache, njia ya saa mbili kwenda na kurudi, na asubuhi aanze kazi yake ya kawaida na macho mekundu. Mama msomaji, kama mume wako ana kazi ya namna hiyo, wewe unaijua hesabu ya usiku kama huo kuliko sisi.

Kifaa cha kuongozea seva kutoka mbali kimetengenezwa ili fundi yule abonyeze kitufe kile bila kutoka nyumbani. Ndiyo maana tunakiweka katika ukurasa huu. Mtu ambaye hakuingia barabarani usiku hawezi kugongwa barabarani usiku.

Lakini si kila kifaa kinachoitwa hivyo kinafaa. Unakumbuka jioni ile WhatsApp ilipokufa? Ilikuwa tarehe 4 Oktoba 2021. Hapa kwetu ilianza jioni, ikaendelea mpaka karibu usiku wa manane. Mafundi wa Facebook, kampani yenye WhatsApp, walikuwa katika kazi ya kawaida ya matengenezo. Amri moja iliyotolewa ikakata njia kubwa zote zilizounganisha majumba yao ya kompyuta. Kumbuka kwamba kampani ile haikukosa njia ya pili ya kuongozea mashine zake. Ilikuwa nayo! Lakini nayo ililala siku ile ile. Ikabidi kuwatuma mafundi waende wenyewe mpaka mlangoni, na milango ile, iliyojengwa ili kuwazuia wezi, ikawachelewesha na wao. Kiasi cha saa 6 zikapita.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai 2022, ikawa zamu ya Rogers, kampani ya telefoni ya Kanada. Watu zaidi ya milioni 12 wakabaki bila telefoni wala intaneti, na wengine wakashindwa kupiga 911, nambari ya kuitia msaada. Uchunguzi ulipofanywa ulieleza kwamba njia ya mafundi ya kuongozea mashine ilitegemea mtandao ule ule uliozimika. Hata telefoni za mafundi wenyewe zilikuwa za kampani hiyo hiyo, nazo zikanyamaza pamoja na nyingine. Mafundi hao ni watu waliosoma sana. Na bado walikuwa na shimo moja. Hapo ndipo mchimbaji wa Kolwezi anaweza kumfundisha mtu wa kompyuta wa Toronto kitu fulani.

Basi, tuangalie vifaa vyenyewe, maana siku moja shefu wako atakuuliza maoni yako, au wewe mwenyewe utakuwa katika kamati ya usalama na karatasi ya manunuzi itapita mbele yako.

Kwanza kuna kile kilichomo ndani ya seva tayari. Seva nyingi za leo zina tumboni mwake kompyuta nyingine ndogo sana. Wauzaji huiita BMC. Dell huita yake iDRAC, HPE huita yake iLO. Hiyo ndogo inakula umeme kidogo hata seva kubwa ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kwa njia yake fundi anawasha seva, anaizima, anasoma joto lake na mwendo wa mapangaboi yake, na kuona skrini yake kana kwamba amesimama mbele yake.

Hapo mnunuzi aangalie tundu la waya. Seva nyingine zina tundu lililowekwa kwa ajili ya kompyuta hiyo ndogo peke yake. Nyingine zinaifanya ishirikiane tundu moja na kazi zote za seva. Chukua yenye tundu lake. Tundu la pamoja ni shimo la pamoja. Aangalie pia leseni: kwa watengenezaji wengi, kuona skrini kutoka mbali hakumo katika bei ya kwanza, kunalipiwa mbali. Mnunuzi asiyeuliza anajikuta na seva anayoweza kuiwasha lakini hawezi kuiona, na huko ni kama kushusha lifti ya mgodi bila kupiga kengele.

Je, kuona skrini ni jambo la anasa? Hapana. Tarehe 19 Julai 2024, programu moja ya ulinzi, ya kampani ya CrowdStrike, ilipokea marekebisho yenye kosa. Kompyuta za Windows kiasi cha milioni 8.5 duniani zikaanguka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Mara nyingi kuzima na kuwasha hakukutosha. Mtu alipaswa kuiona skrini kabla mashine haijamaliza kuamka, aingie, afute faili moja. Penye kifaa cha kuonyesha skrini, fundi alifanya hivyo akiwa amekaa. Pasipo nacho, alitembea kutoka mashine moja hadi nyingine.

Kwa kompyuta isiyo na BMC, kama ile ya zamani ya zahanati au ya mizani ya kamyo, kuna kisanduku cha nje. Wauzaji hukiita KVM. Kinachomekwa kwenye tundu la skrini na la kibodi, na kompyuta inadhani kwamba mtu amekaa mbele yake. Vipo vikubwa vya bei kali, vipo na vidogo kama PiKVM, kilichojengwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na ambacho programu yake iko wazi kwa kila fundi kuisoma. Tusividharau hivi vidogo. Ila kitu kidogo kilichounganishwa kwa mkono wa fundi mmoja kinasahauliwa upesi: kiwe na sanduku lake, umeme wake, na jina la anayekitunza lililoandikwa juu yake, na la yule atakayekitunza mwenzake akiwa likizo.

Vipo pia vibao vya matundu ya umeme vinavyoweza kukata na kurudisha umeme tundu moja moja kutoka mbali, PDU. Vinasaidia, kwa sababu seva au modemu iliyoganda kabisa mara nyingine haisikii kitu isipokuwa kunyimwa umeme. Andika jina kwenye kila tundu! Mtu aliye mbali haoni waya unakwenda wapi.

Lakini kama mkoba unatosha kitu kimoja tu mwaka huu, sisi tungenunua kile ambacho wauzaji hawakisifu sana: kisanduku cha konsoli chenye modemu yake. Tukueleze kwa nini. Mashine zinazogawa njia za mtandao, yaani ruta na suwichi, hazina skrini. Zina tundu dogo la konsoli linalosema lugha ya zamani iitwayo RS-232, iliyozaliwa miaka ya 1960, mara nyingi kwa mwendo wa kizee wa 9600. Hakuna picha, ni herufi tupu. Lakini ruta ikipotea kwa sababu ya amri mbaya, tundu lile linaendelea kusema wakati mengine yote yamenyamaza. Na ruta ikipotea, zile BMC zote nzuri ndani ya seva zako hazifikiki tena, hata zingekuwa ishirini. Kisanduku cha konsoli kikishikwa kwenye ruta upande mmoja, na upande wa pili kikiwa na modemu yenye kadi ya simu, fundi anaingia kwa mlango wa nyuma, anasahihisha ruta, na mlango wa mbele unafunguka. Vile vingine vyote vinafuata.

Kadi hiyo ya simu isitoke kwa kampani ile ile inayowapa ofisi intaneti. Kama intaneti ya ofisi ni ya Vodacom, kadi iwe ya Airtel au ya Orange. Na hata hapo uliza kama minara yao hapa haitegemei waya mmoja. Antena itoke nje ya kabati, maana kabati la chuma linazuia mawimbi kama mwamba unavyoyazuia. Na kadi isiwe ya kununuliwa vocha wakati mtu akikumbuka. Njia ya pili iliyokosa salio usiku wa ajali haina tofauti na ngazi ya dharura iliyooza. Umeme nao: kisanduku na modemu vipate umeme wa betri ya akiba, la sivyo vitalala pamoja na vingine umeme utakapokatika, na hapa kwetu hatuhitaji kubishana kama utakatika.

Sasa tuseme juu ya kufuli. Anayeingia katika BMC ni sawa na mtu aliyesimama ndani ya chumba cha seva peke yake usiku: anaweza kuizima, kuifuta, kuiwekea kitu chake. Kwa miaka mingi watengenezaji waliuza seva zenye jina na neno la siri linalojulikana na dunia nzima. Kwa Supermicro lilikuwa ADMIN, mara mbili. Ni tangu tarehe 1 Januari 2020 tu kwamba sheria ya California, katika Marekani, inataka kila kifaa cha namna hii kiuzwe na neno lake la siri, au kimlazimishe mwenye nacho kuweka jipya kabla ya kukitumia. Je, seva zilizoko katika kabati lako zilinunuliwa mwaka gani?

Iko na IPMI, lugha ya zamani ya kuongozea seva, iliyotolewa mwaka 1998 na kurudiwa mwaka 2004. Mwaka 2013 ilijulikana wazi kwamba namna yake ya kumtambua mtu ina kasoro tangu mchoroni: mgeni akiuliza kwa jina linalojulikana, seva inampa alama ambayo anaweza kwenda nayo nyumbani na kutafuta neno la siri polepole. Kasoro ya mchoro haizibwi kwa kiraka. Lugha mpya, Redfish, ipo tangu 2015. Omba Redfish, na IPMI ya mtandaoni izimwe.

Hata milango mizuri imewahi kukutwa wazi. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba iLO 4 ilimwachia mtu apite bila neno la siri, akituma tu herufi A mara 29 mahali fulani. Ilirekebishwa, lakini kwa yule tu aliyeweka marekebisho. Mwaka 2025 ilitangazwa kasoro katika MegaRAC, programu ya BMC inayotumiwa na watengenezaji wengi. Ilipewa alama 10 juu ya 10 kwa ubaya, na mwezi wa Juni mwaka huo serikali ya Marekani ilionya kwamba wahalifu wanaitumia tayari. Kwa hiyo muulize mwuzaji: utatuletea marekebisho kwa miaka mingapi, na nani atayaweka? Na hata akijibu vizuri, kifaa hiki kisitazame kamwe intaneti ya wazi. Kiwe na mtandao wake mdogo, nyuma ya lango lenye ulinzi, na kila fundi aingie kwa jina lake mwenyewe. Neno moja la siri linalojulikana na watu kumi si siri.

Tunafika mahali ambapo tungependa usome polepole, wewe fundi wa umeme hasa.

Kitufe cha mbali hakina macho. Fundi amefungua seva, mkono wake uko ndani, anabadilisha pangaboi. Aliizima kwanza kwa skrini, kwa hiyo anadhani imekufa. Mwenzake, aliyeko kilomita mia kutoka hapo, anaona seva imezimika, anasema moyoni, tena imelala hii! Anaiwasha. Alifanya kosa? Alifanya kazi yake. Kosa ni la yule aliyedhani kuzima ni sawa na kufunga. Kwenye mkanda wa kubeba mawe hakuna kati yetu anayeingiza mkono kwa sababu tu mwenzake amebonyeza kitufe cha kusimamisha. Anaweka kadena yake, ufunguo mfukoni, kadi yenye jina lake. Seva ni hivyo hivyo. Kwanza mjulishe mtu wa chumba cha uongozi. Kisha chomoa waya wa umeme. Na kumbuka kwamba seva nyingi zina nyaya mbili, kila moja na kisanduku chake cha umeme, na ukichomoa moja nyingine inaendelea kuilisha. Weka kadi yenye jina lako penye matundu uliyoyachomoa. Usijidanganye kwamba umeme wa mji umekatika, maana betri ya akiba inaendelea kutoa umeme ule ule wenye kuua. Na usikifungue kisanduku cha umeme chenyewe, kinaweka moto wake ndani hata baada ya kuchomolewa.

Kwa hiyo, wakati wa kuchagua kibao cha matundu ya umeme, uliza kama fundi aliye kwenye kabati anaweza kumzuia aliye mbali asirudishe umeme. Kama hawezi, rudisha kitabu cha bei, tafuta kingine.

Na isitumike mahali pasipo pake. Kifaa hiki huongoza kompyuta. Hakichukui nafasi ya kamba ya kusimamisha mkanda, wala ya kitufe chekundu cha mtambo. Vile vya dharura viwe na waya wao, viguswe na mkono wa aliye karibu, visingoje jibu la seva yoyote.

Wafanyakazi wengine wanauliza kama vifaa hivi havitaondoa kazi ya mafundi. Sisi tunaogopa kitu kingine zaidi. Pangaboi lililovunjika halibadilishwi kwa telefoni, vumbi halipanguswi kutoka mbali. Fundi ataendelea kuhitajika. Lakini shefu akijua kwamba fundi anaweza kuamsha seva akiwa kitandani, atampigia saa nane, na saa tisa, na Jumapili ibada ikiendelea, kwa jambo ambalo lingengoja asubuhi. Mtu asiyelala ni mtu wa hatari kazini. Na ni yeye huyo atakayetuma amri mbaya kwa ruta. Kifaa kikinunuliwa, ratiba ya zamu iandikwe siku ile ile: nani yuko zamu wiki hii, nani analala, na kazi ya usiku ihesabiwe kama kazi ya usiku hata kama imefanywa kwa telefoni. Mama, hilo nalo unaweza kumwuliza mume wako akirudi: jina lako liko zamu wiki gani?

Siku mwuzaji atakapofika na sanduku lake, msimwache azungumze saa nzima. Mwombeni aunganishe kifaa chake na seva moja ya majaribio. Kisha mtu mmoja achomoe waya mkubwa wa intaneti wa ofisi, na mwingine akate umeme wa ukutani. Mwuzaji atoke nje, akae chini ya mti na telefoni yake, awaonyeshe kutoka hapo skrini ya seva, aizime, aiwashe tena. Akiweza, mpeni kiti na mzungumze bei. Akishindwa, msaidieni kulirudisha sanduku lake garini.